Kisanduku cha kuoteshea mwani: tathmini kwa wenye matangi ya maji ya chumvi

Mwenye tangi la samaki wa maji ya chumvi nyumbani anajua kwamba mwani wa nyuzi haumalizwi kwa kung'olewa kwa mkono, kwa sababu kinachoulisha ni nitrati na fosfati zitokanazo na mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, na virutubisho hivyo hubaki majini hata baada ya mawe kusuguliwa yakatakata. Kifaa ninachokitathmini hapa kinafuata kanuni ya dawa ya moto ni moto: huotesha mwani mahali unapoutaka, ili ule usioutaka ukose chakula. Wazo lenyewe si geni. Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian nchini Marekani alipata hataza ya mtambo wa aina hii mwaka 1982, na baadaye wafugaji wa samaki wa mapambo wakaupunguza hadi ukatosha kuwekwa chini ya meza.

Nilichonunua ni kisanduku cha plastiki kutoka China, kisicho na jina la kiwanda, ambacho bei yake haifiki nusu ya bei ya skima nzuri ya povu, yaani kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa. Ndani yake mna bomba lenye mwanya mrefu, na kwenye mwanya huo umening'inizwa wavu wa plastiki; maji yanayopandishwa na pampu hutiririka pande zote mbili za wavu mfano wa pazia jembamba, huku taa nyekundu za LED zikiumulika kwa karibu kila upande. Kwa mwanga mkali na maji yaendayo kasi, mwani wa hapo hukua upesi kuliko ule uliojibanza kwenye matumbawe. Takriban kila wiki wavu hutolewa, mwani ukakwanguliwa na kutupwa, na fosfati uliyoinyonya ikaondoka nao.

Wavu uliokuja na kifaa ulikuwa laini mno, na hili ni kosa la mtengenezaji, kwa kuwa mwani hauna mizizi ya kujichimbia na huhitaji mahali penye mikwaruzo ili ushike. Niliukwaruza kwa meno ya msumeno hadi ukawa na vinyweleo, ndipo utelezi wa kahawia wa mwanzo ulipoanza kupisha nyuzi za kijani. Rangi ya kinachoota ni kipimo kizuri kuliko vijitabu vya maelekezo: utelezi mweusi huashiria virutubisho vingi na mwanga haba, ilhali manjano iliyofifia mara nyingi huashiria mwanga uliozidi. Wakati wa kukwangua ni vyema kubakiza utando mwembamba wa kuanzia upya, na kusuuza wavu kwa maji baridi yasiyo na chumvi ili kuua wadudu wadogo wanaoukata mwani kwenye shina.

Matokeo yalihitaji subira. Mawe yaliyokaa muda mrefu katika maji machafu huwa yamenyonya fosfati na huirudisha polepole, kwa hiyo kwa majuma kadhaa mwani wa tangini haukuonekana kutikisika. Kisha ulipauka ukawa kama mweupe, ukalegea, na konokono wakamalizia mabaki. Nimeziwasha taa za kisanduku usiku, zile za tangi zikiwa zimezimwa, na jambo hili lina faida ya ziada: mwani hutumia kaboni dayoksaidi saa zile ambazo asidi ya maji huelekea kupanda.

Udhaifu mkubwa, kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatikakatika, ni kwamba pampu ikisimama wavu hukauka, na mwani uliokufa hurudisha majini kile kile ulichokinyonya. Asiye na betri ya akiba afikirie mara mbili. Boksi linadai pia kwamba kifaa kinaondoa haja ya skima na ya kubadilisha maji. Dai hilo silikubali, kwa kuwa maji ya kisanduku hiki hugeuka manjano kidogo yasipopitishwa kwenye mkaa maalumu, na madini yanayotumiwa na matumbawe hayarudishwi na mwani. Wala si tiba ya utando mwekundu wa sianobakteria, yaani bakteria wanaoonekana kama mwani.

Njia nyingine zipo. Chembe za oksidi ya chuma hushusha fosfati haraka zaidi, lakini hujaa na kununuliwa tena, na zikizidi hudhuru matumbawe kwa kuishusha ghafla. Samaki aitwaye tasi ni mlaji hodari wa mwani, ila hukua akalizidi tangi la kawaida la sebuleni. Kwa tangi kubwa lenye samaki wanaolishwa sana, kisanduku hiki ningekinunua tena, wavu mbovu na yote. Kwa tangi la lita chini ya mia moja lenye samaki wawili watatu, ndoo, mpira wa kunyonyea maji na kipimo cha chumvi vinatosha.