TAHADHARI: Club de Nuit "tester" za 55,000 hapa Dar. Chupa ni halali, kilichomo sicho

Jamani wapenda kunukia, kuna muuzaji anazunguka Instagram na WhatsApp akinadi pafyumu ya Club de Nuit Intense Man ya Armaf kwa 55,000. Anasema ni tester, yaani chupa ya kujaribia harufu dukani, ndiyo maana haina boksi wala nailoni. Msimtumie hela.

Wanaoijua hawahitaji maelezo: pafyumu ya Dubai, kutoka Sterling Parfums, iliyofuata nyayo za Creed Aventus, ile ambayo chupa moja inamaliza kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Kufuata harufu siyo utapeli. Armaf wanauza kwa jina lao na hawamdanganyi mtu. Na kwa kuwa ni ya bei nafuu, wengi hatuidhanii kuwa na feki. Sasa inayo.

Mchezo uko hivi. Mdogo wangu alikutana na kijana wa kuleta mzigo pale Mwenge. Kijana akatoa chupa mfukoni, akapuliza kwenye karatasi: ndimu kali inayopanda puani, kisha ule moshi wa mti. Yenyewe kabisa. Dogo akalipa kwa simu, akakabidhiwa chupa nyingine kutoka kwenye begi. Kufika nyumbani inanukia peremende na spiriti, na nusu saa haikufika imeshapotea.

Hiyo chupa nimeishika. Kioo, maandishi, uzito, vyote sawa, na kwa kuwa ni nyeusi huoni rangi ya kilichomo. Ila ile pete ya chuma inayobana pampu shingoni ina mikwaruzo ya koleo pande mbili, na ukiizungusha inacheza. Kiwandani pete hiyo hubanwa ikabanika. Huifungui kwa vidole. Kwa hiyo wanachukua chupa tupu za original, wanang'oa pampu, wanajaza pafyumu za kupima zilizozimuliwa, wanabana upya. Wewe kagua maandishi mpaka kesho, hutaona kasoro.

Kilichonikera zaidi ni jibu la muuzaji tulipomlalamikia: "Iache kabatini wiki tatu, itaiva." Ujanja mtupu! Ni kweli watumiaji wengi wa hii pafyumu husema ukali wa ndimu hutulia chupa ikishafunguliwa na kuachwa. Lakini kukaa kunalainisha harufu iliyomo, hakuleti ndimu ambayo haikuwekwa. Hizo wiki tatu ni za yeye kubadili jina la ukurasa na kukublock, na ndivyo alivyofanya.

Ukimkuta, au mwingine wa aina yake, mwambie apulize kutoka kwenye chupa ileile utakayoondoka nayo. Ishike mwenyewe, pitisha kidole kwenye shingo, subiri harufu ishuke, ndipo utoe simu ulipe. Akianza "bosi nina haraka", muage.

Kwa aliyekwisha kulipa: usiitupe chupa, na tunza meseji ya muamala pamoja na mazungumzo yote. Mambo ya bidhaa bandia yanapokelewa Tume ya Ushindani (FCC), utapeli peleka polisi, na namba ya simu ya tapeli unaweza kuiripoti kwa kuituma 15040. Usiendelee kujipulizia, spiriti aliyoweka humo haijulikani, na shingo ya dogo imeshatoka vipele.

Halafu wale wanaopita mitaani wakiulizia chupa tupu za pafyumu, msiwauzie. Ukiamua kuitupa, ng'oa pampu na ukwaruze jina kwanza.