SIDO na TBS kwa msindikaji wa nyumbani: karatasi nafuu, chumba ghali

Kwa anayesindika siagi ya karanga, pilipili ya chupa, viungo vya kusaga au unga wa lishe nyumbani kwake Tanzania Bara, na anayetaka bidhaa yake ikae kwenye rafu ya supamaketi bila kuogopa mkaguzi, njia iliyonyooka ni hii: barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kisha leseni ya alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Huduma hii tunaipa nane kwa kumi. Kwa mjasiriamali mdogo ni ya bei rahisi mno ukilinganisha na anachopata. Mbili tumezikata kwa sababu ya muda, na kwa sababu wengi huingia bila kuambiwa mapema kwamba jiko la familia halitapita.

Tuanze na neno "bure", maana ndilo linalowavuta watu. Mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO halipii ukaguzi, vipimo vya maabara wala leseni ya alama kwa miaka 3 ya kwanza. Serikali hubeba gharama hiyo. Mwaka wa nne anachangia asilimia 25, wa tano 50, na kuendelea hivyo hadi alipe yote. Vipimo vya maabara kwa mtu anayelipa mwenyewe vingeweza kumla mtaji kabla hajauza kopo hata moja, kwa hiyo msamaha huu si kitu cha kuchezea. Ila bure hiyo haigusi chumba, mashine, vifungashio, kupima afya ya wafanyakazi, jina la biashara wala leseni ya halmashauri. Hayo ni ya mfukoni mwako.

Jambo jingine linalostahili sifa: tangu tarehe 1 Julai 2019 masuala ya usalama wa chakula yaliondolewa kwa iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA (leo ni TMDA, inabaki na dawa na vifaa tiba) yakapelekwa TBS. Msindikaji aliyekuwa akizunguka kwenye taasisi mbili kwa kopo lilelile sasa ana dirisha moja. Ukisoma maelekezo ya mtandaoni yanayokutuma TFDA kwa ajili ya chakula, jua ni ya zamani.

Makaratasi ya mwanzo hayana shida kubwa. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, unahitaji namba ya NIDA, na jumla ni shilingi 20,000. TIN ya TRA hutolewa bure. Leseni ya biashara inaombwa halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI baada ya TRA kukukadiria kodi. Hapo kwenye makadirio ndipo daftari la mauzo linapolipa. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Ukifika milioni 5 na daftari lako limenyooka, unalipa asilimia 3 ya ile milioni moja iliyozidi, yaani shilingi 30,000. Huna daftari? Ni 100,000, mauzo yaleyale. Kitambulisho cha machinga, kwa wanaouliza, hakifanyi kazi ya alama ya TBS. Kinakusaidia barabarani, lakini meneja wa duka kubwa hatakiangalia.

Sasa chumba. Maombi mengi ya nyumbani hukwama hapa, na hukwama kwa sababu watu wanaanza na mwisho. Wanachapisha lebo za rangi, wananunua makopo katoni kumi, wanafungua ukurasa wa Instagram, halafu mkaguzi anafika anakuta karanga zinakaangwa kwenye jiko lilelile linalopika maharage ya watoto. Kuzalishia nyumbani kwako inawezekana. Kinachotakiwa ni eneo la uzalishaji litenganishwe na makazi: chumba chenye mlango wake, ambacho hakuna anayelala, kuoga wala kupikia familia. Banda la uani lililojengwa vizuri, stoo iliyokarabatiwa, au chumba cha nje kilichokuwa cha mpangaji, vyote vinafaa.

Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosha kuanzia kwa bidhaa kavu. Sakafu iwe ya vigae au saruji laini isiyo na nyufa, yenye mteremko kidogo kuelekea bomba la maji machafu. Ukuta upakwe rangi ya mafuta, nyeupe au ya kufanana nayo, inayooshwa. Dari iwepo: bati tupu linadondosha vumbi na matone ya mvuke ndani ya sufuria. Madirisha yawe na wavu wa mbu uliobana, na pengo chini ya mlango lizibwe, kwani panya hahitaji nafasi kubwa. Taa ziwe na kifuniko, ili balbu ikipasuka vioo visiingie kwenye bidhaa. Choo kisifungukie chumbani. Pawe na sinki la kunawia mikono lenye sabuni, tofauti na lile la kuoshea vyombo. Kama maji ya bomba yanakatika, weka simtanki dogo lenye koki. Ndoo na kata havikubaliki.

Kinachosahaulika zaidi ni mwelekeo wa kazi. Malighafi iingie upande mmoja, ipite kwenye kuchambua, kukaanga, kusaga na kufungasha, itoke upande wa pili bila kurudi nyuma. Gunia la karanga mbichi likipita juu ya meza ya makopo yaliyokwisha kufungwa, mkaguzi ataliandika kama kosa hata kama sakafu inang'aa. Katika chumba kimoja, mpangilio wa meza kwa umbo la U unatatua tatizo hilo. Magunia yakae juu ya chaga, walau sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta, ili uweze kufagia nyuma yake. Kila anayeshika bidhaa apime afya kila baada ya miezi 6, na cheti kikae hapohapo kwenye faili. Koti jeupe, kofia ya kufunika nywele zote, viatu vya ndani. Pete na kucha za bandia zibaki nje.

Ukimaliza chumba, ndipo umwite ofisa wa SIDO. Shirika hili lipo tangu 1973 na lina ofisi kila mkoa wa Bara. Wanatembelea, wanaona unachofanya, wanatoa ushauri na barua. Mafunzo yao ya usindikaji ni mazuri kuliko bei yake, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kushika kipimajoto. Ofisi hazilingani, hilo lisemwe wazi: mkoani kwenye maofisa wachache utasubiri ziara kwa muda mrefu kuliko aliyeko mjini. Wakiwa wamekusanyika waombaji kadhaa wa mtaa mmoja, ziara hupangwa kwa urahisi zaidi.

Kisha TBS. Ombi linaingizwa kwenye mfumo wao wa mtandao. Mkaguzi anakuja kuangalia eneo, anaeleza mapungufu, anarudi au anathibitisha marekebisho, anachukua sampuli, na sampuli inakwenda maabara. Kwa siagi ya karanga, kinachoangusha wengi maabara ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa aina ya B1 mikrogramu 5 tu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo usimwone mkaguzi mkorofi anapong'ang'ania.

Kukaanga hakuimalizi sumukuvu. Inapungua kiasi, lakini gunia baya linabaki baya. Dawa ni ununuzi na kuchambua. Nunua karanga zenye unyevu usiozidi asilimia 7. Bila kipimo, ile inayopinda kabla ya kukatika ni mbichi, ikatae. Baada ya kukaanga na kupoza, pukuta maganda yote mekundu, kisha zimwage kwenye meza nyeupe chini ya taa kali, tabaka la punje moja. Sasa utaona kile ambacho ganda lilikuwa limeficha: punje yenye doa la kahawia katikati, iliyosinyaa, iliyogeuka njano iliyoiva mno, yenye ungaunga wa kijani kwenye mpasuko. Sumukuvu nyingi hukaa kwenye punje hizo chache. Zitoe zote na zitupwe. Wapo wanaozitenga wazikamue mafuta au wampe kuku, na hapo sumu inarudi mezani kwa mlango mwingine, kwenye mayai au mashudu.

Mashine ya kusagia ya chuma cha kawaida ina tabia ya kuacha chembe za chuma meno yakianza kulika. Nunua ya chuma kisichoshika kutu kwenye sehemu zinazogusa chakula, na pitisha sumaku kwenye bidhaa mara kwa mara. Kuisafisha ni kwa brashi kavu na kitambaa kisafi. Ukiiosha kwa maji, ifungue yote ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Siagi ya karanga haiozi kirahisi kwa kuwa haina maji, lakini tone likiingia linabadilisha mambo, na vimelea vya salmonela vinaweza kuishi humo kwa miezi. Chumvi gramu 10 hadi 15 kwa kilo inatosha. Jaza kopo hadi juu, maana hewa iliyobaki chini ya kifuniko na mwanga wa dirishani ndivyo vinavyoleta ule uchungu wa mafuta yaliyochacha. Mafuta kuelea juu si kasoro: andika "koroga kabla ya kutumia".

Pilipili ya chupa ina hesabu tofauti. Kinachoilinda ni uchachu, na pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umeongezeka) inatakiwa iwe chini ya 4.6 katika kila bechi. Lenga 4.0 ili uwe na nafasi. Mita ya pH isawazishwe kwa maji maalumu ya pH 4 na ya pH 7 kabla ya kupima. Jaza ikiwa na joto la nyuzi 85 au zaidi, funga, geuza chupa kichwa chini dakika 3. Sodiamu benzoeti, kama unaitumia, mwisho ni gramu 1 kwa kilo. Hapo kijiko cha chai hakifai kabisa, unahitaji mzani unaosoma hadi gramu 0.1. Wengi huzidisha kwa nia njema, wakidhani kuzidisha dawa ni kuzidisha usalama, na wanaanguka maabara.

Unga wa lishe tungemshauri anayeanza auache, au autengeneze bila karanga. Karanga ndani ya unga huchacha mapema, na huleta sumukuvu kwenye uji wa mtoto, ambaye ndiye wa mwisho kustahili kuila. Maziwa na nyama navyo si vya kuanzia: mbali na TBS, kuna Bodi ya Maziwa na Bodi ya Nyama. Keki za oda na vyakula vya kuliwa siku hiyohiyo vina njia nyingine, na huko wa kwanza kuongea naye ni afisa afya wa kata yako.

Lebo ije mwisho. Chapisha nakala chache za majaribio, mkaguzi azione, ndipo uagize kwa wingi, maana marekebisho yapo karibu kila mara. Iwe na jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi bila kopo, jina na anuani ya mzalishaji, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi, na onyo la karanga kwa wenye mzio. Maneno kama "inatibu kisukari" au "inaongeza nguvu" yatakurudisha mwanzo. Alama ya TBS haiwekwi kabla ya leseni kutoka, hata kama mchapaji anayo tayari kwenye kompyuta yake. Kuiweka bila leseni ni kosa la jinai. Baakodi inayoanza na 620 hutolewa na GS1 Tanzania. Ya kuazima kwa rafiki itakuumbua siku supamaketi ikigundua kopo lako linasomeka kama sabuni ya mtu.

Kuhusu muda, panga kwa miezi. Anayechelewa zaidi kwa kawaida ni mwombaji mwenyewe, anayekaa na orodha ya marekebisho akisubiri fundi wa vigae. Weka tarehe ya kila rekebisho na piga picha. Faili la bechi, lenye ununuzi wa malighafi, joto, pH na kopo moja la kila bechi lililohifadhiwa, lianze siku ya kwanza, kwani TBS huchukua pia sampuli madukani baada ya leseni kutoka, na leseni yenyewe huhuishwa kila mwaka.

Wa Unguja na Pemba, haya hayawahusu moja kwa moja: huko usajili wa jina ni BPRA, chakula ni ZFDA, na viwango ni ZBS.