Sauna au mvuke: uingie wapi?

Kwenye spa nyingi za Kilimani na Westlands, Nairobi, milango hii miwili hupakana. Sauna ni chumba cha mbao chenye joto kavu, nyuzi 70 hadi 100. Chumba cha mvuke ni vigae na ukungu mzito. Joto ni kama nyuzi 45 tu, ila jasho halikauki, hivyo huwaka kuliko namba yenyewe.

Bei? Mara nyingi hulipiwa pamoja, usiumize kichwa.

Nywele ndizo huamua kwa wengi wetu. Kama jana ulizipiga pasi saluni, mvuke utazikunja kabla hujaketi. Sauna nayo hukausha ncha. Mimi hujifunga taulo bichi kichwani. Kwa pua zilizoziba na baridi ya Julai, mvuke unashinda.

Usafi ni wa sauna, maana hujikausha. Kwa mvuke, kagua mistari kati ya vigae: ikiwa myeusi, geuka. Stima ikipotea, sauna hukawia kupata joto tena.

Mjamzito au mwenye presha amuulize daktari kwanza. Wengine, dakika kumi hadi kumi na tano zatosha, na chupa ya maji mkononi.