Nilikatazwa kuchomoa kiti: uzoefu wangu kwenye duka la baiskeli za mtumba

Imeshapita wiki kadhaa na bado roho inaniuma, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa hasira. Duka silitaji jina, lipo upande wa Ilala, wanashusha makontena ya baiskeli kutoka Uingereza na Japani. Nyota nawapa moja, na hiyo moja ni ya kijana wao fundi, bosi mwenyewe hana hata nusu.

Rafiki yangu alinitumia picha WhatsApp, Dawes Galaxy. Anayependa baiskeli za safari ndefu anajua hilo jina lina uzito gani, zilianza kutoka mwaka 1971 kwa kampuni ya Dawes ya Birmingham, Uingereza, na watu wamezunguka nazo dunia wakiwa wamefunga mizigo mbele na nyuma. Mimi ni mtu wa baiskeli kwelikweli, Bagamoyo naenda na kurudi, Lushoto nimepanda na mabegi yangu, so nilivyoiona ile picha sikulala vizuri. Asubuhi nikabeba uzi, rula, tochi ya simu na spana zangu za L nikaenda.

Kuiona tu nikajua imepigwa rangi upya, kijani cha spreyi, na juu ya hiyo rangi mpya wamebandika stika ya Reynolds 531 inayong'aa. Sasa hapa ndo watu wengi wanaliwa. 531 ni chuma cha heshima cha mabomba ya fremu, kampuni ya Reynolds ilianza kukitoa 1935, chepesi na kinahimili mzigo, lakini stika haithibitishi kitu kwa sababu stika mpya zinauzwa mtandaoni na yeyote ananunua anabandika hata kwenye bomba la maji. Na hata stika ikiwa ya ukweli soma maneno madogo, kuna inayosema fremu nzima pamoja na foku (ile panda inayoshika gurudumu la mbele) na kuna inayosema mabomba makuu matatu tu, hizo mbili hazilingani.

Kwa hiyo nikaacha stika nikaanza kushika chuma chenyewe. Nikapitisha kidole chini ya yale mabomba mawili ya mbele, pale yanapokutana na shingo ya usukani, maana baiskeli ikigonga kitu uso kwa uso chuma kinafanya kijikunjo pale hata kama macho hayakioni, na spreyi haiwezi kukificha kwenye kidole. Safi kabisa. Nikafunga uzi kutoka pale ekseli ya nyuma inapokaa, ukazunguka shingo ya mbele, ukarudi upande wa pili, nikapima umbali kutoka kwenye uzi mpaka bomba la kiti kushoto na kulia, sawasawa, yaani fremu haijapinda. Nafasi ya haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, milimita 126, yaani za gia 6 nyuma, ingekuwa ya gia 5 ungekuta 120. Nikainama kwenye mashine ya gia ya nyuma, ni Shimano, na Shimano za zamani zina herufi mbili zimegongwa kwa ndani, ya kwanza mwaka ya pili mwezi, A ni 1976 unahesabu kwenda mbele. Nikasoma HC, yaani Machi 1983. Kifaa kinaweza kuwa kimebadilishwa ndiyo, ila kilikuwa kinaendana na mengine yote niliyoyaona.

Nikamwambia bosi kwa adabu kabisa, "Kaka, hii ni ya miaka ya themanini, siyo sabini kama ulivyomwambia mwenzangu." Uso ukabadilika hapohapo.

Halafu nikaomba kuchomoa kiti. Jamani kiti tu!! Na siyo kwa kujionyesha. Nguzo ya kiti ni aluminiamu, fremu ni chuma, hivyo viwili vikikaa pamoja miaka bila grisi vinashikana mpaka unatafuta msumeno, na kwa huku kwetu na hewa ya chumvi ndo kabisaa. Ikigoma kutoka maana yake huwezi kurekebisha urefu wa kiti maisha yako yote na bei lazima ishuke. Ikitoka unamulika ndani unaona kutu imekula kiasi gani, na kwenye nguzo yenyewe unakuta kipimo kimegongwa. Ukikuta milimita 27.2 na imeingia bila kulegea, hayo mabomba kuta zake ni nyembamba, ni chuma cha maana, bomba za bei chee mara nyingi zinachukua nguzo nyembamba zaidi. Kitu kimoja kinakupa majibu matatu na hakichukui hata dakika mbili.

Yule bwana akanipokonya spana mkononi. Akanipokonya! Akasema mbele ya wateja wengine, "Dada, haya mambo ya fremu waachie wanaume, kamlete mzee wa nyumbani aje akuchagulie, hapa hatufanyi postimotamu." Na watu wakacheka. Nilisimama pale sina la kusema, mimi ambaye nimetoka kumsomea mwaka wa bidhaa yake mwenyewe ambao yeye alikuwa haujui. Laki nne na nusu ipo kwenye pochi, ananiambia nikalete mwanaume! Kama ni duka lenye watu wazima wanaojua biashara, mteja akishika spana unamletea stuli akae.

Hasira zikanifungua macho zaidi nikaangalia matairi. Ringi ni za inchi 27, na wamevalisha tairi za 28, zile za Phoenix. Nikamuuliza akajibu "inaingia tu, zote baiskeli". Inaingia ndiyo, maana ni kubwa! Tairi hilo la 28 linakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635, ringi ya 27 ni 630, hizo milimita 5 ndo tairi linaelea, ukiangalia ule mstari wa pembeni mwa tairi unaona huku umezama huku umepanda, ukijaza upepo wa kutosha linaruka na tyubu inapasuka ukiwa kwenye mteremko na mizigo. Hili kwangu ni baya kuliko tusi, tusi halimvunji mtu shingo.

Nikatoka. Yule kijana fundi akanifuata mpaka barabarani, akasema "Dada samahani sana, bosi ndo alivyo, tairi original zilikuja zimeoza akaniambia nivalishe hizi." Akaniambia nisubiri kidogo bosi anaenda kuswali. Bosi alivyotoka kijana akachomoa kile kiti mwenyewe, kikatoka laini na grisi ya zamani, akanionyesha pale chini: 27.2. Nikamulika ndani, vumbi na kutu ya juujuu tu. Sijui nilicheka au nililia. Baiskeli ni nzima! Yaani mtu ana dhahabu dukani, anakataa ithibitishwe, anamtukana anayetaka kuithibitisha.

Sasa nawaambia msiende? Nilipoanza kuandika ndo nilikuwa nataka kusema hivyo. Lakini fremu ile kwa bei ile ni halali yake, hata ukiongeza gharama ya kutafuta tairi za 27, ambazo hapa mjini ni za kuwinda, utaagiza. Jana bosi kanitumia meseji, "dada nakuachia kwa laki tatu na themanini". Samahani hakuna, hata moja. Sijamjibu.

Mwenye urefu wa kati na anatafuta baiskeli ya safari aende aione, ni ile ya kijani, amuulizie kijana fundi siyo bosi, na asitoke nayo bila kuvua zile tairi. Ila afanye haraka, kwa sababu ikiwa bado ipo mwisho wa mwezi naenda kuichukua mimi, hela naiweka mkononi kwa yule kijana na bosi wake sitamsalimia.