Kisanduku cha Misri na Mesopotamia: tunda na udongo sawa, kalamu itupeni

Kisanduku hiki kimetengenezewa wazazi wanaowasomesha watoto nyumbani, umri wa miaka 7 hadi 12. Ndani mna shughuli tatu: kibao cha udongo, kukausha tufaha kama Wamisri walivyokausha maiti, na kinyago cha farao cha karatasi. Kinyago ni kazi ya gundi na rangi tu. Mtoto atakifurahia, ila historia hapo haipo.

Kibao ndicho kinachobeba kisanduku kizima. Udongo wa mfinyanzi ni gramu 500, unatosha vibao vitatu vya ukubwa wa kiganja. Kasoro ni kalamu: wameweka kijiti cha mviringo chenye ncha. Karani wa Sumeri, kusini mwa Mesopotamia, hakuchora. Aligandamiza pembe ya tete kwenye udongo mbichi, akainua, akagandamiza tena. Ndiyo maana kila alama ina kichwa kipana na mkia mwembamba, umbo la kabari. Kijiti cha ncha huburuzwa, udongo ukavimba matuta pande zote mbili za mstari, na mtoto akabaki anadhani mwandiko wa kabari ni michoro. Chukua kijiti cha mbao chenye pembe nne, kilaze kidogo, agandamize kwa pembe.

Kijitabu kinamtaka mtoto aandike jina lake kwa jedwali la A hadi Z. Jedwali hilo ni la kubuni. Alama za Wasumeri zilisimamia neno zima au silabi. Afadhali namba, kwa utaratibu wa Babeli: kabari ya wima ni 1, kabari pana kama pembe ni 10, na ukifika 60 unarudia kabari ya wima upande wa kushoto. Kwa hiyo 47 ni pembe nne na wima saba, na 73 ni wima moja, nafasi, pembe moja, wima tatu. Akishaandika tano au sita, mwulize kwa nini saa moja ina dakika 60.

Unene uwe sentimita moja na nusu. Kibao chembamba hujikunja. Kinene, au kilichoanikwa juani siku ya kwanza, hupasuka kwa sababu uso husinyaa kabla ya ndani kukauka. Kiweke kivulini, ukigeuze asubuhi na jioni.

Kwenye tufaha, mchanganyiko wa kukaushia waliofunga haufuniki hata robo moja ya tunda. Ongeza wako: kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe viwili vya magadi ya kuokea, vipande vizame kabisa. Kijitabu kinasema funika kwa kifuniko. Usifunike, kwani unyevu unaovutwa hukosa pa kutokea na chumvi hugeuka uji. Pima kila kipande kwa mizani kabla ya kukizika, badilisha mchanganyiko siku ya 7, pima tena siku ya 14. Robo moja ya tufaha iache wazi bila chumvi, la sivyo mtoto hana cha kulinganisha. Na asionje.

Hapa mtoto haigizi. Natroni, chumvi ya asili iliyochimbwa bonde la Wadi Natrun huko Misri, ni ndugu wa magadi, na ilifanya kazi hiyohiyo kwenye maiti kwa siku kama 40. Ajabu, kijitabu kinachoeleza hayo vizuri kimechora moyo ndani ya mtungi. Mitungi ya kuhifadhia viungo vya maiti ilikuwa minne: ya ini, mapafu, tumbo na utumbo. Moyo uliachwa kifuani, maana ndio uliopimwa mizanini mbele ya Osiris, mungu wa wafu. Mpe mtoto kalamu ya wino aufute.

Nyota tatu kati ya tano. Jalada linaahidi "alasiri moja", jambo lisilowezekana. Zika tufaha siku ya kwanza, vibao vifuate wiki ya kwanza, namba wiki ya pili. Kinyago kiwekeeni siku ya mvua.