Seti ya mkanda na kamba ya kumkinga fundi wa paa asianguke: inafaa, ila usiitumie kama ilivyotoka kwenye ndoo

Ndani ya ndoo ya plastiki unakuta vitu vitano: mkanda wa mwili mzima, kamba ya mita 15, kikamata-kamba (kifaa kinachoteleza kwenye kamba na kuibana ukianguka), kamba fupi yenye kifuko cha kupunguza mshtuko, na bamba la chuma la kufunga kileleni. Kwa fundi wa mabati, hela yake haipotei.

Tatizo kubwa ni ile kamba fupi. Piga hesabu: kamba yenyewe mita 2, kifuko kikichanika kinarefuka hadi mita 1.75, kutoka mgongoni hadi nyayoni mita 1.5, na mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25, na nyumba nyingi za chini zina mita 3 tu kutoka chini hadi kwenye fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa. Ukianguka, unafika chini kabla kamba haijakushika. Kwa paa kama hilo iache kwenye ndoo. Nunua kiungo kifupi kisichozidi nusu mita, chenye kifuko chake, kinachokubaliana na kikamata-kamba, na usiache kamba ndefu ikalegea nyuma yako.

Bamba ni imara, lakini lazima lishike kenchi, mbao nene zinazobeba paa. Papi, yaani mbao nyembamba za kupigilia bati, ya inchi mbili kwa mbili ikipigiliwa bamba inang'oka na misumari yake. Tafuta mstari wa kenchi kutokea chini, kisha jaza matundu yote kwa misumari au skrubu za ukubwa ulioandikwa kwenye maelekezo. Misumari ya bati haitoshi. Bamba likae juu yako, mstari mmoja na sehemu unayofanyia kazi. Ukisogea mbali pembeni, ukiteleza utabembea kama pendulamu na kugonga ukuta.

Kikamata-kamba kina mshale: uelekee kwenye bamba. Kikivalishwa kichwa chini hakiumi kabisa, na usipoangalia mshale hutagundua kwa macho. Kivute ghafla kwa mkono kabla ya kupanda.

Mkanda wenyewe ni mzuri. Mikanda ya mapaja ikazwe hadi kiganja kilichonyooka kipite na ngumi isipite.

Kitu ambacho ndoo haina ni kinga ya kamba. Ncha ya bati la geji 30 ni kisu. Kamba ikisuguana nayo wiki nzima nyuzi zinaanza kusimama kama manyoya, na hapo kamba hiyo imekwisha. Kata mpira wa bomba la maji sentimita 50, upasue kwa urefu, uvalishe kamba pale inapovuka kofia, bati linalofunika kileleni. Ni kinga dhidi ya msuguano tu. Kamba isikutane na ncha kali ya bati.

Ngazi pia haimo. Aliyening'inia bila kusogea damu hubaki miguuni, na dakika chache tu zinaweza kumzimisha. Iwepo ngazi inayofika fisha bodi, na mtu chini anayejua kuitumia kumshusha.