Kliniki ya usikivu wa watoto, Upper Hill: kipimo kizuri, miadi ya mbali mno

Mwanangu alizaliwa kabla ya siku zake na akalazwa kwa sababu ya umanjano mkali, mambo mawili ambayo kila moja huongeza hatari ya mtoto kupoteza usikivu, lakini tuliruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu yeyote kumpima masikio. Alipotimiza wiki tano nilimpeleka katika kliniki hii ya binafsi iliyoko Upper Hill, Nairobi.

Kazi yenyewe ya kupima niliiona ni ya hali ya juu. Mtaalamu alimwekea mtoto kizibo laini sikioni, akaeleza kwamba koklea, yaani kiungo cha sikio la ndani kinachopokea sauti, ikiwa na afya hurudisha mwangwi mdogo sana ambao mashine huweza kuunasa, jambo lililogunduliwa na David Kemp huko London katika miaka ya 1970. Mtoto hahitaji kujibu chochote. Hata akilala, kipimo kinaendelea. Mwangwi haukupatikana katika sikio lolote. Mtaalamu hakunitisha wala hakunidanganya: alisema kwamba hata majimaji yaliyobaki sikioni baada ya kuzaliwa yanaweza kuuzuia, na kwamba kilichohitajika ni kipimo cha pili, kile cha kubandika vinasio kichwani na kusoma jinsi neva na ubongo vinavyoipokea sauti. Nilishukuru sana kuelezwa kwa Kiswahili, tena polepole, mama mkwe wangu akisikiliza na kuuliza maswali yake.

Tatizo lilianzia mapokezini, nilipopewa miadi ya kipimo hicho baada ya wiki kumi na mbili. Mwongozo unaofuatwa na wataalamu wengi duniani ni kwamba mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Tarehe hizo hazikuwekwa kiholela. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado, Marekani, walilinganisha watoto 72 waliogunduliwa kuwa na tatizo la kusikia kabla ya miezi sita na wengine 78 waliogunduliwa baadaye, wakakuta wale wa mwanzo wana lugha bora kwa kiasi kikubwa, iwe familia zao zilitumia sauti peke yake au pamoja na ishara. Mtoto anayesikia hufikia silabi kama "ba-ba" na "da-da" kabla ya kumaliza mwaka, na kufikia wakati huo sikio lake limekwisha kuzoea sauti za lugha ya nyumbani kwao. Kumwambia mzazi asubiri wiki kumi na mbili ni kumnyang'anya mtoto sehemu ya muda huo, na kliniki yenye wataalamu wazuri namna hii inajua hivyo vyema. Nilipokataa kuondoka, nafasi ilipatikana baada ya wiki mbili.

Kipimo cha pili kilithibitisha upungufu wa wastani katika masikio yote mawili, na vifaa vya kusaidia kusikia akavaa akiwa na miezi minne. Mafundi wa vifaa hivyo ni wavumilivu, na ada zote hutajwa kabla ya kazi kuanza. Hata hivyo, katika ziara zote hizo hakuna aliyenitajia Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Tumeanza kujifunza wenyewe jioni baada ya chakula, na mtoto hutukodolea macho mikononi kwa makini kuliko mtu mzima yeyote.

Kwa anayekwenda huko: kipimo cha pili kinahitaji mtoto aliyelala, kwa hiyo mzuie asisinzie kwenye matatu na umnyonyeshe mkifika. Tarehe ya miadi iulize ukiwa bado ndani ya chumba cha mtaalamu, kabla hujafika mapokezini.